UZI: Wasichana watundu wa vibonzo vya magazetini vya zamani, walivyowaumbua watu wazima

Wino Mweusi

Wakuu salaam. Kuna mjadala ulipita wa katuni za kale, watu wakasema vibonzo vya mwanzo vya magazetini vilikua vya madogo wa kiume, watoto wa kike walikua wa kujazia picha tu. Kwa ile miaka ya mwanzo kabisa sibishi. Ila kuanzia pale katikati sikubali hata kidogo, na kwakua ni kitu nakipenda sana naomba nikifungulie uzi wake tukiongee taratibu.

Ninachosema ni hiki. Mtoto wa kiume mtundu kwenye vibonzo anaharibu vitu, mtoto wa kike mtundu anawaumbua watu wazima. Na kalamu iliposhikwa na wanawake wawili hivi nitakaowataja huko mbele, huko kuumbua kukawa kukali mpaka katoto ka kike ka kuchora kanasema gazetini jambo ambalo watu wazima wengi walikua wanalizungukazunguka.

Tuanzie New York, miaka ya 1890. Joseph Pulitzer ana gazeti lake la World, William Randolph Hearst kaja na Journal, wanagombania wasomaji kufa na kupona na silaha kubwa ni toleo la Jumapili lenye kurasa za rangi. Mji umejaa wahamiaji ambao Kiingereza kinawasumbua lakini picha wanaielewa. Mwaka 1895 ndani ya World, Richard Outcault anachora Hogan's Alley, uchochoro wa maskini umejaa watoto, katikati dogo kipara kavaa shati refu ambalo baadae likapakwa njano na dogo akawa maarufu kwa hiyo njano. Mwaka uliofuata Hearst akamnyakua mchoraji. Desemba 1897 Rudolph Dirks akaanza The Katzenjammer Kids kwenye Journal, Hans na Fritz, madogo wawili wa Kijerumani ambao asili yao ni Max na Moritz wa Wilhelm Busch, kitabu cha Ujerumani cha 1865.

Hapo ndo kanuni ikakaa. Madogo wanatega mtego, mtu mzima ananaswa, mwisho makalio yanawaka moto. Wiki ijayo hivyohivyo. Mimi ukinipa kurasa kumi za Hans na Fritz mfululizo nachoka, maana hakuna mtu anayejifunza kitu wala hakuna siri inayofichuka, ni mlipuko na kichapo basi.

Mwaka 1902 Outcault akiwa New York Herald akaja na Buster Brown, mtoto wa familia yenye uwezo, nywele zimekatwa vizuri, mbwa wake anaitwa Tige, anafanya fujo alafu mwisho anaandika azimio la kujirekebisha ambalo halifiki Jumapili inayofuata. Pembeni yake yupo Mary Jane. Jina ni la binti yake Outcault mwenyewe. Ni binti mzuri, anacheka, anashiriki kidogo, lakini stori sio yake. Hapo waliosema wa kujazia picha wana haki.

Naendelea chini, toeni mawazo yenu pia.

Chai Rangi

Mkuu huyo Mary Jane ndo wa vile viatu? Nimewahi kuona dukani mtandaoni viatu vya kike vya mkanda vinaitwa hivyo.

Wino Mweusi

Ndiye huyohuyo mkuu. Kwenye maonesho makubwa ya St. Louis mwaka 1904 Outcault aliuza haki ya kutumia wahusika wake kwa makampuni mengi tu, na mojawapo ni Brown Shoe Company. Kile kiatu cha mkanda mmoja juu ya mguu kikabaki na jina lake. Kwahiyo vile viatu vyeusi vya mkanda ambavyo wasichana wa shule za msingi huku kwetu wanavaa mpaka leo, mtindo wake unaitwa kwa jina la msichana wa kibonzo cha gazeti. Watoto wa kike wangapi wamevivaa bila kumjua.

Mzee wa Magazeti

Uzi mzuri sana kijana wangu, sisi tuliokua tukimfuatilia Juha Kalulu ndani ya Taifa Leo tunajua raha ya kununua gazeti ukaanzia nyuma. Ila umeniruka mmoja. Yule yatima, Annie, umemuweka wapi? Yule hakua wa kujazia picha, yule ndo alikua mwenye nyumba.

Wino Mweusi

Shikamoo mzee wangu. Nilikua naelekea kwake. Little Orphan Annie wa Harold Gray alianza Agosti 1924 kwenye New York Daily News, na ile hadithi inayosimuliwa kwamba mwanzo Gray alipeleka mtoto wa kiume aitwae Otto, bosi wa gazeti Joseph Patterson akamwambia ageuze awe wa kike, nadhani inasema mengi kuhusu biashara ilivyokua, hata kama imetiwa chumvi. Annie ana ngumi, anajibu mapigo, hamuogopi mtu. Lakini mzee, mimi simuweki kwenye watundu. Annie ni mtoto wa kazi na shida, akimpiga mtu ujue huyo mtu kastahili, na Gray anamtumia kuhubiri siasa zake za kujitegemea. Mtundu wa kweli anafanya jambo lisilo na sababu nzuri na anafurahi.

Kabla ya Annie kuna mmoja ambaye watu wamemsahau na mimi namuonea huruma sana. Winsor McCay, yule ambaye baadae alichora kibonzo cha Little Nemo, mwaka 1905 alichora kwa miezi michache ndani ya New York Herald stori ya Hungry Henrietta. Henrietta anaanza akiwa mtoto mchanga na kila toleo anakua kwa miezi kadhaa, kitu ambacho wakati huo vibonzo havikufanya, wahusika walibaki umri uleule miaka yote. Analia, watu wazima wote wanamzunguka, huyu anamrusha juu, yule anaimba, mwingine anamtekenya, mtoto anazidi kulia, mwisho wanampa chakula ananyamaza. Anavyokua anakua mlafi. Majirani wangesema huyo mtoto ana tabia mbaya. Ila ukiangalia picha zote kwa pamoja unaona McCay hamlaumu mtoto, anachora familia isiyojua kumtuliza mtoto isipokua kwa kumjaza mdomo. Yani kaanza kama mzaha na umekaa mzito kuliko mzaha. Hapo tayari, 1905, mtoto wa kike ndo kioo na watu wazima ndo wanaoonekana ndani yake.

Nyange

Kaka Wino naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Umesema kalamu ikishikwa na mwanamke mambo yanakua makali. Grace Drayton je? Alianza kuchora magazetini miaka ya mwanzoni ya 1900, ndo huyo aliyechora wale watoto mashavu duara wa supu za Campbell, na wasichana wake akina Dolly Dimples ni watamu mpaka jino linauma. Hakuna anayeumbuliwa hapo. Na upande wa pili Little Iodine kachorwa na mwanaume, Jimmy Hatlo, na hakuna mtoto mbaya kuliko yule, na tena anachapwa kweli, kwahiyo hata kile kichapo cha mwisho sio cha akina Hans na Fritz peke yao.

Wino Mweusi

Dada Nyange asante, hii ndo raha ya uzi.

Drayton nakubali ni fundi, mistari yake iko safi sana, lakini soko lilimlipa kwa utamu na akatoa utamu. Ndo maana nimesema wanawake wawili, sijasema wanawake wote.

Iodine sasa. Wadau wasiomjua, alitoka ndani ya They'll Do It Every Time, kibonzo cha Hatlo kilichoanza 1929 San Francisco, ambacho wasomaji walikua wanatuma visa vya kuudhi vya maisha yao na Hatlo anachora alafu anawashukuru kwa majina. Iodine ni binti wa Henry Tremblechin, mfanyakazi wa ofisini anayemuogopa bosi wake Bigdome kupita maelezo. Mwaka 1943 binti akapewa kibonzo chake cha Jumapili. Na angalia kosa lake kubwa ni lipi: mara nyingi Iodine anarudia mbele ya bosi kile baba alichosema nyumbani kuhusu bosi. Hicho tu. Baba anatetemeka, bosi anageuka mwekundu, na binti anachapwa kwa kusema ukweli. Kuchapwa anachapwa, sibishi dada, ila Hans anachapwa kwa kulipua kiti na Iodine anachapwa kwa mdomo. Kwangu hiyo tofauti ni kubwa.

Kalamu Butu

Hapo kwa Iodine nimeelewa vizuri kabisa. Mtoto anayesema mbele ya mgeni "baba alisema wewe ni bahili" kila nyumba anamjua. Endelea mkuu nimeweka kiti.

Wino Mweusi

Sasa twende kwa Lulu, mwanamke wangu wa kwanza.

The Saturday Evening Post, jarida la kila wiki la Philadelphia, lilikua na kibonzo kinaitwa Henry, dogo kipara asiyeongea, wa Carl Anderson. Hearst akamvuta Anderson kwenye magazeti yake, jarida likabaki na nafasi wazi. Wakamtafuta Marjorie Henderson, binti wa hukohuko Pennsylvania aliyezaliwa 1904, ambaye aliuza kibonzo chake cha kwanza akiwa bado ni kijana wa shule na akawa anasaini Marge. Tarehe 23 Februari 1935 akatoa Little Lulu. Picha moja, hakuna maneno. Harusi, kanisani, Lulu ndo yule mtoto wa kutangulia na maua, ana kikapu kizuri, nywele zimesokotwa vimviringo, uso hauna hata dalili ya kosa, na badala ya maua anamwaga maganda ya ndizi kwenye njia ya bibi harusi.

Naomba mkae na hiyo picha kidogo. Hajavunja kitu, na hata aliyeanguka hajachorwa. Kilichopo ni ibada nzima ya watu wazima waliovaa vizuri na mtoto waliyempamba ili awe malaika wao kafanya uamuzi mwingine. Marge mwenyewe alieleza baadae kwanini alichagua msichana, kwamba msichana angeweza kufanya visa vya ujeuri ambavyo mvulana akivifanya vingeonekana ni ushamba tu. Alijua hasa anachofanya. Watu wanamdhania mtoto wa kike ni mpole, na huko kudhaniwa ndo kunampa nafasi.

Na kitu kingine nampendea Marge, alishikilia hakimiliki ya mhusika wake. Enzi zile wachoraji wengi walikua wanapoteza wahusika wao kwa makampuni na wanakufa maskini huku katuni zao zinaingiza mamilioni, wanaume hao, tena wenye majina. Yeye Lulu akabaki wake. Jarida lilipomaliza nae mwisho wa 1944, Lulu alikua tayari yuko kwenye matangazo ya tishu za Kleenex na filamu za katuni za Paramount, na 1945 akaingia kwenye vitabu vya katuni vya Dell vilivyoandikwa na John Stanley. Huko ndo kuna lile genge la wavulana, Tubby na wenzake, kibanda chao kimeandikwa wasichana hawaruhusiwi, na Lulu kila mara anawazidi akili mpaka wanaomba msaada wake. Kibonzo chake cha kila siku magazetini kilitoka kuanzia 1950 mpaka 1969. Aliuza haki zake mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipoamua kupumzika, kwa hiari yake.

Miaka mingi baadae, 1994, wanawake wa Marekani waliochoka kuona tasnia ya katuni imefungiwa wanaume walianzisha chama wakakiita Friends of Lulu. Kile kibao cha kibandani walikijua vizuri.

Chai Rangi

Duh hii ya maganda ya ndizi nimeenda kuitafuta nimeiona, uso wa yule mtoto umetulia kupita kiasi.

Mzee wa Magazeti

Na Nancy? Usije ukamuacha, yule ndo alinifunza kiasi fulani cha Kiingereza maana maneno yake machache.

Wino Mweusi

Mzee Nancy yupo na ana kisa kizuri. Mwaka 1922 kulikua na kibonzo cha Fritzi Ritz, dada wa mjini, mrembo, wa Larry Whittington. Mwaka 1925 kijana wa New York Ernie Bushmiller akakirithi. Mwanzoni mwa 1933 akaleta kabinti kadogo, mpwa wa Fritzi, kaje kukaa na shangazi. Kalikua kamekuja kama mgeni. Wasomaji wakakapenda kuliko mwenye nyumba, 1938 akaingia Sluggo, dogo maskini rafiki yake, na mwaka huohuo kibonzo kikabadilishwa jina kikawa Nancy. Mrembo wa mjini akawa shangazi wa kupita nyuma na kikombe cha chai. Sijui kama kuna uvamizi wa kimyakimya mzuri kuliko huo kwenye historia ya magazeti.

Utundu wake Nancy ni wa akili inayochukua agizo kama lilivyo. Ukimwambia asikanyage zulia atatafuta njia ya kuvuka chumba bila kukanyaga zulia, na njia hiyo itakua mbaya zaidi ya kukanyaga. Bushmiller alikua anatoa kwenye picha kila kisichohitajika mpaka inabaki mtoto, ukuta na kitu kimoja cha kuchekesha. Nampenda, namsoma mpaka leo. Lakini Nancy anapambana na vitu na sheria ndogondogo za nyumbani. Hapambani na nchi.

Aliyepambana na nchi ni mwingine, na ndo sababu hasa ya mimi kuandika haya yote.

Kumbukeni kitu kimoja kwanza. Kwenye hayo magazeti yote niliyotaja hapo juu mtoto mweusi akichorwa anachorwa kwa dharau, midomo mikubwa, lugha ya kijinga, wa kuchekwa. Outcault huyuhuyu kabla ya Buster Brown alichora Pore Lil Mose, dogo mweusi, ukiangalia leo moyo unauma. Kwahiyo msichana mweusi mtundu mwenye akili kwenye gazeti la wazungu hakuwepo kabisa. Ilibidi aje kwenye gazeti la watu weusi.

Zelda Mavin Jackson, aliyezaliwa 1911 huko Pennsylvania, dunia ikamjua kama Jackie Ormes. Alianza Mei 1937 kwenye Pittsburgh Courier, gazeti la watu weusi lililokua linasomwa karibu nchi nzima, likisafirishwa mpaka kusini na wahudumu wa treni. Kibonzo cha kwanza ni Torchy Brown, binti anayetoka Mississippi huko kusini kwenda Harlem, mtaa wa weusi New York. Kwenye safari anafika kwenye kibao, upande huu wazungu, upande huu weusi. Torchy anajifanya hajui kusoma na anapita upande wa wazungu. Mwaka 1937! Watu walikua wanauawa kwa pungufu ya hapo. Na kakifanya kama utoto tu, ah mimi nimeona vishale viwili nikafuata kimoja.

Alafu Septemba 1945 ndo akaja Patty-Jo.

Patty-Jo 'n' Ginger ni picha moja kila wiki na maneno mstari mmoja au miwili. Ginger ni dada mkubwa, mrembo, kavaa nguo za mtindo wa hali ya juu, na hasemi neno. Miaka 11 yote hasemi. Anayesema ni mdogo wake, mtoto wa miaka kama mitano au sita hivi, na anasema kila kitu: kodi, bomu la atomiki, shule za ubaguzi, nyumba ambazo weusi hawapangishwi. Mwaka 1947 wakati ile kamati ya bunge inawasaka wakomunisti Hollywood na kumuita kila mtu sio Mmarekani wa kweli, Patty-Jo akauliza ingekua vizuri kujua ni kamati gani ilipitisha kwamba kuwa mweusi ndo kutokua Mmarekani.

Huyo ni mtoto anaongea na dada yake sebuleni. Ungemkamataje?

Nyange

Kaka hapa nimekaa kimya dakika nzima. Nilikua namjua Torchy kwa jina tu. Na hii ya Ginger kutosema inanigusa sana, kwa sababu Ginger ni mwanamke mzima, mrembo, msomi, yeye akisema itachukuliwa kwa uzito na atalipia. Mtoto akisema watu wanacheka kwanza alafu usiku wanakumbuka. Jackie alijua hilo.

Kalamu Butu

Hivi serikali haikumuona?

Wino Mweusi

Ilimuona mkuu. FBI walimfungulia faili, walimhoji, na faili lenyewe ni kurasa 287. Kwa mama anayechora mtoto na dada yake sebuleni. Alikua anashiriki mikutano na harakati nyingi za haki Chicago alikokua anaishi na mume wake Earl, na enzi zile hilo lilitosha.

Ila hamjasikia la Oktoba 1955. Agosti mwaka huo Emmett Till, kijana wa miaka 14 wa Chicago, mji uleule anaoishi Jackie, alikua kaenda kutembelea ndugu Mississippi. Akadaiwa kumpigia mluzi mwanamke wa kizungu dukani. Wakamchukua usiku wakamuua. Mama yake akaacha jeneza wazi watu waone walichomfanyia mwanae. Septemba wauaji wakaachiwa huru mahakamani na baraza la wazungu pekee. Tarehe 8 Oktoba Courier ikatoka na Patty-Jo anamwambia Ginger kwamba hataki kuonekana mwepesi wa kukwazika na jambo hili, ila lile birika jipya dogo jeupe limempigia mluzi.

Mstari huo mmoja. Hakuna jina la Till, hakuna Mississippi, hakuna mahakama. Kila mweusi Marekani aliyeshika gazeti lile wiki ile alielewa. Kitu chochote kikipiga mluzi sasa ni hatari, hata birika jikoni, na waliouawa ni sisi lakini mluzi unatoka upande wa weupe. Nimeisoma hiyo mara nyingi sana na bado inanipiga palepale. Naamini kwa dhati hakuna kibonzo cha Hans na Fritz, wala cha Buster Brown, wala hata cha Lulu ninayempenda, kilichobeba uzito wa mstari ule.

Na ndo ninachotetea tangu mwanzo wa uzi. Ule mlango Marge alioufungua wa kwamba mtoto wa kike anadhaniwa mpole ndio Jackie alioupitia, ila yeye kapita nao mbali mpaka kwenye maiti ya mtoto wa watu.

Mzee wa Magazeti

Kijana, la Emmett Till tulilisikia, lakini la birika sikuwahi. Ahsante sana. Huyo mama mwisho wake ulikuaje?

Wino Mweusi

Patty-Jo aliisha Septemba 1956. Mikono ikaanza kumsumbua kwa ugonjwa wa viungo, akaacha kuchora kwa kazi, akaendelea na shughuli za jamii Chicago, maonesho ya mavazi, na alikua kwenye bodi ya mwanzo ya jumba la makumbusho la DuSable, la historia ya watu weusi. Alifariki 1985. Mwaka 2018 ndo wakamuingiza kwenye orodha ya heshima ya tuzo za Eisner, tuzo kubwa za katuni za Marekani, miaka 33 hayupo.

Kuna jambo moja la furaha nilitaka kuliweka mapema. Mwaka 1947 kampuni ya wanasesere ya Terri Lee ilitengeneza mwanasesere wa Patty-Jo. Kabla ya hapo madukani mwanasesere mweusi alikua ni mpishi mnene au mtoto wa matambara, wa kuchekwa. Huyu alikua na nywele unazoweza kuzisuka, nguo nzuri za kubadilisha, uso wa mtoto kama watoto wengine. Alitoka mpaka 1949 mkataba ukaisha. Leo wakusanyaji wanamtafuta kwa tochi. Kuna wazee wa kike Marekani waliokua nae utotoni.

Chai Rangi

Swali la mwisho mkuu, baada ya Jackie ilichukua muda gani mwanamke mweusi kuwa na kibonzo kwenye magazeti ya kawaida ya Marekani, sio ya weusi pekee?

Wino Mweusi

Muda mrefu sana. Barbara Brandon-Croft alianza Detroit Free Press 1989, na 1991 kibonzo chake kikaanza kusambazwa kwenye magazeti ya nchi nzima kupitia Universal Press. Yeye ndo wa kwanza. Hesabu kutoka Patty-Jo alipoisha 1956 mpaka 1991, ni miaka 35. Baba yake Brumsic Brandon Jr. nae alikua mchoraji, alichora Luther, kibonzo cha watoto weusi wa mjini, na Barbara alikua anamsaidia kazi akiwa mdogo.

Nyange

Na Nancy wa miaka ya karibuni je? Nasikia kuna mwanamke aliyemchora.

Wino Mweusi

Aprili 2018 alichukua mwanamke anayetumia jina la Olivia Jaimes, sio jina lake halisi, na ndo mwanamke wa kwanza kukishika kibonzo kile tangu kianze. Wazee wengi waliokizoea walimjia juu, kwamba kaweka simu na intaneti, kaharibu Nancy. Mimi nilivyoanza kumsoma nikaona hajaharibu kitu. Nancy anafanya kilekile, anaambiwa asitumie simu mezani na anatafuta namna ambayo neno "mezani" halimhusu. Dada kama hujazisoma anza na za mwaka ule wa kwanza, alafu urudi kwa Bushmiller wa miaka ya 1940 usome mbili zikiwa pembeni kwa pembeni, uje utuambie hapa umeona nini.

Nyange

Nazianza leo usiku. Na kama una picha za Patty-Jo zinazosomeka vizuri zitupie humu, nina binti wa miaka sita nataka azione.